Wasifu wa Wanamuziki wa Roki na Panki: Nani Asemaye, na Tumwiteje?

Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha maisha ya mwanamuziki wa Uingereza au Marekani hukutana na tatizo lake la kwanza kabla hajafungua ukurasa hata mmoja. Jaladani huelezwa kwamba kitabu kimeandikwa kwa kibali cha mwenye maisha, au bila kibali chake. Kwamba ni mkusanyo wa masimulizi ya watu wengi. Au kwamba ni maisha ya mtu aliyoyaeleza mwenyewe akishirikiana na mwandishi mwingine. Maelezo hayo si pambo la mchapishaji. Yanamwarifu msomaji nani asemaye ndani ya kitabu, na kwa hiyo aamini nini na atilie shaka nini. Mfasiri akiyafunika yote kwa neno moja tu, wasifu, atakuwa amemnyima msomaji wake kipimo ambacho msomaji wa lugha ya asili alipewa.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza namna vitabu hivyo vinavyoandikwa, kuvipima ubora wake, na kupendekeza istilahi za kuvitofautisha. Tumechagua wanamuziki wa roki na panki kwa sababu mbili. Kwanza, katika muda wa miaka isiyozidi sitini karibu kila njia ya kuandika maisha ya mtu imejaribiwa juu yao, na mara nyingi juu ya mtu yule yule, hata kulinganisha kukawa rahisi. Pili, panki ilikuwa sanaa iliyokataa kutukuzwa. Mwandishi anayeimwagia sifa huipotosha, na anayeidharau huipotosha vilevile. Hapo ndipo uandishi wa wasifu unapoonyesha kama una miguu ya kusimamia.

Majina ya muziki wenyewe

Kabla ya kuvijadili vitabu hatuna budi kuyasawazisha majina mawili ya muziki. Wako wanaolifasiri jina la kwanza kuwa "muziki wa mwamba". Tafsiri hiyo ina kosa la msingi. Neno la Kiingereza lililomo katika jina hilo halitokani na jiwe. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kuyumba, kama chombo kinavyoyumba baharini, nalo lilikuwamo katika nyimbo za Wamarekani Weusi kabla ya miaka ya 1950 kwa maana ya kucheza, na pia ya mapenzi. Maneno mawili yanayofanana kwa sauti yamechukuliwa kuwa neno moja. Kwa kuwa hatuna neno letu linalobeba historia hiyo, utohozi wafaa zaidi: roki.

Jina la pili ni gumu zaidi. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwa tusi. Lilimaanisha malaya, na baadaye kijana wa ovyo asiye na thamani. Waandishi wa majarida ya muziki ya Marekani walianza kulitumia kwa aina fulani ya roki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jarida la New York lililoitwa Punk lilitoa toleo lake la kwanza Januari 1976. Na kabla mwaka huo haujakwisha magazeti ya London yalikuwa yamekwisha kuwabandika jina hilo Sex Pistols na wenzao. Kishawishi cha mfasiri ni kusema "muziki wa kihuni". Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba maneno hayo hayo yalitumiwa kuwabeza vijana walioanzisha muziki wa kizazi kipya. Anayeyatumia amekwisha kutoa hukumu kwa niaba ya waliouchukia muziki huo, ilhali vijana wenyewe walilichukua tusi na kulivaa kama nishani. Tunaona panki litumike. Wala si neno geni kabisa, maana vijana wetu wa mijini walilijua kama jina la mtindo wa kunyoa nywele.

Neno wasifu na mzigo wa sifa

Neno wasifu lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kueleza jambo au kitu kilivyo. Kutoka mzizi huo huo tumepata sifa na kusifu. Lakini katika Kiswahili kusifu kumeacha kuwa kueleza tu, kumekuwa kutukuza. Maana hiyo imelivuta neno wasifu upande wake. Mtumishi wa serikali anayeombwa kuandika wasifu wa marehemu kwa ajili ya kusomwa mazishini anajua bila kuambiwa kwamba hatakiwi kutaja madeni. Tena pwani yetu ina utamaduni mkongwe wa manakibu, yaani habari za mawalii zinazosomwa hadharani kwa kutaja fadhila na karama zao. Utamaduni huo una heshima na kazi yake, lakini kazi hiyo si ya uchunguzi.

Inafaa ikumbukwe kwamba wasifu mashuhuri kuliko wote katika lugha yetu ni wa mwanamuziki. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad alimwandika mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akauza vyungu, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo katika sahani za santuri, akafariki mwaka 1950. Mwandishi alimwuliza mwenyewe kabla hajafa, jambo ambalo peke yake latosha kumpa shukrani zetu. Hata hivyo nia ya kitabu ni kutufunza maadili kwa mfano wa mtu mwema, na kila tukio huelekezwa huko. Sisi hatumlaumu Shaaban Robert kwa kufanya alichokusudia. Tunasema tu kwamba mfano wake ulikuwa na nguvu kiasi cha kuwafanya wengi waamini kwamba wasifu hauna njia nyingine.

Wasifu ulioandikwa kwa idhini

Njia ya kwanza ni ya mwandishi kupewa ruhusa na mwenye maisha. Mfano unaojulikana ni kitabu cha Hunter Davies juu ya The Beatles, kilichotoka mwaka 1968 bendi ingali hai. Davies aliingia majumbani mwao na studioni, akawaona wakitunga. Hakuna aliyekuja baadaye aliyeweza kupata nafasi hiyo tena. Lakini ruhusa ina bei yake. Davies mwenyewe ameeleza katika matoleo ya baadaye kwamba shangazi aliyemlea John Lennon alitaka habari za utotoni zipunguzwe ukali, na kwamba mambo ya faragha ya meneja wao, Brian Epstein, aliyefariki Agosti 1967, hayakuweza kuelezwa waziwazi. Lennon alipohojiwa na Jann Wenner wa jarida la Rolling Stone mwishoni mwa mwaka 1970 alikidharau kitabu hicho kwa kuficha ukweli, ingawa ni yeye na wenzake waliotoa idhini.

Hapa pana jambo la istilahi. Baadhi ya waandishi wetu huviita vitabu vya namna hii "wasifu rasmi". Neno rasmi halifai. Katika ofisi zetu kilicho rasmi ni kile kilichothibitishwa na chombo chenye mamlaka, na msomaji hukichukulia kuwa ndicho sahihi. Ruhusa ya familia au meneja haithibitishi lolote. Huonyesha tu kwamba mlango ulifunguliwa, na kwamba aliyeufungua aliweza kuufunga. Wasifu wa idhini ni jina la haki zaidi, maana linamfanya msomaji aulize: idhini ya nani, na kwa masharti gani?

Kinyume cha sifa

Wako waliodhani kwamba dawa ya sifa ni kashfa. Albert Goldman, aliyewahi kuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa kitabu kuhusu Elvis Presley mwaka 1981, miaka minne baada ya kifo cha mwimbaji huyo, na kingine kuhusu John Lennon mwaka 1988. Vyote viwili vilitokana na mahojiano mengi. Ila katika kitabu cha kwanza kila ushahidi umepangwa ili uthibitishe unyonge wa Presley: mwili wake, chakula chake, nyumba yake, hata lafudhi yake. Mhakiki Greil Marcus alionyesha mwaka huo huo kwamba dharau ya kitabu hicho haimwishii mtu mmoja. Inawafikia watu maskini wa Kusini mwa Marekani aliotoka kwao, pamoja na utamaduni wao mzima. Kitabu cha pili kililaaniwa hadharani na mjane wa Lennon, Yoko Ono, na mwenzake wa zamani, Paul McCartney.

Wahenga wetu walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ubaya wa Goldman si kwamba alitaja vidonge na wanawake. Mambo hayo yalikuwapo na yalistahili kutajwa. Ubaya wake ni kwamba katika kurasa nyingi hakueleza kwa nini mamilioni ya watu waliposikia sauti hiyo walisimama. Wasifu wa mwanamuziki usioweza kueleza muziki umekosa sababu ya kuandikwa. Kwa hiyo hatukubali kwamba kitabu kikali ndicho cha kweli. Sifa na kashfa ni ndugu. Vyote viwili hujua mwisho wa habari kabla ya kuianza.

Jibu lililotuliza mjadala huo lilitoka kwa Peter Guralnick. Alitumia zaidi ya miaka kumi kuandika juzuu mbili juu ya Presley: Last Train to Memphis ya mwaka 1994, inayokoma mwaka 1958 mwimbaji anapopelekwa Ujerumani kama askari baada ya kufiwa na mama yake, na Careless Love ya mwaka 1999, inayofika kifo chake Agosti 1977. Guralnick haruhusu mtu yeyote katika juzuu ya kwanza ajue yatakayokuja. Kijana wa Memphis anaingia studio ndogo mwaka 1954 bila kujua kwamba atakuwa mfalme wa chochote. Msomaji naye hulazimika kusubiri pamoja naye. Juzuu ya pili inaeleza kuporomoka kwake bila kuficha dawa alizozitumia, wala kuzifurahia. Huu ndio wasifu kwa maana ya asili ya neno: kueleza jambo lilivyokuwa.

"Kwa maneno yake mwenyewe"

Msomaji wa Kiswahili ameyazoea maneno haya tangu yalipotumika katika jina la kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Yeye aliyaandika kweli kwa mkono wake, akiwa ameombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyahamisha kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi. Tawasifu nyingi za wanamuziki wa roki hazikuandikwa hivyo. Mwanamuziki husema mbele ya mashine ya kurekodi, na mwandishi mwingine hupanga, hukata na kuunganisha. Keith Richards alifanya hivyo na James Fox katika kitabu cha mwaka 2010. John Lydon, mwimbaji wa Sex Pistols, alifanya hivyo na ndugu wawili Keith na Kent Zimmerman katika kitabu cha mwaka 1994. Si aibu. Kasoro ipo pale jina la mwandishi wa pili linapofichwa.

Watumishi wa serikali wanalo tayari jibu la tatizo hili. Barua isiyotiwa saini na mkuu mwenyewe huandikwa "k.n.y.", na msomaji huelewa mara moja kwamba mamlaka ni ya mmoja na mkono ni wa mwingine. Tunapendekeza kitabu cha namna hii kiitwe tawasifu ya niaba, na mwandishi wake mwandishi wa niaba. "Mwandishi kivuli", linalotumiwa na baadhi ya watu, lina picha nzuri, ila linaikubali siri badala ya kuifichua.

Ama kuhusu ukweli wa tawasifu, methali imekwisha kusema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Hakuna kundi linaloonyesha jambo hili kama Sex Pistols, bendi iliyoanzishwa London mwaka 1975 na kuvunjika San Francisco Januari 1978. Meneja wao, Malcolm McLaren, alieleza kwamba mambo yote yalikuwa hila yake, na filamu ya mwaka 1980 ikalitukuza dai hilo. Lydon alimpeleka mahakamani, na mwaka 1986 haki za mali ya bendi zikarudi kwa wanamuziki. Mwaka 2000 filamu nyingine ilitoa hadithi kwa upande wao. Ajabu ni kwamba filamu zote mbili ziliongozwa na mtu mmoja, Julien Temple. Glen Matlock alitoa kitabu chake mwaka 1990, Lydon 1994, Steve Jones 2016. Kitabu cha Jones kilipofanywa kuwa tamthilia ya televisheni, Lydon alipinga nyimbo za bendi zisitumike. Alishindwa mahakamani Agosti 2021, na tamthilia ikaonyeshwa mwaka 2022. Wanaume wale wale, miezi ile ile, na kila mmoja ana ngoma yake.

Lydon anastahili sifa moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 aliwapa nafasi watu wengine waseme, akiwamo baba yake, hata pale maneno yao yasipolingana na yake. Tawasifu inayoruhusu kupingwa ndani ya kurasa zake ni adimu katika lugha yoyote.

Wasifu wa mashahidi

Njia iliyostawi sana katika panki ni ya kuandika bila msimulizi. Jean Stein aliitumia mwaka 1982, akisaidiwa na George Plimpton, katika kitabu juu ya maisha ya Edie Sedgwick. Legs McNeil na Gillian McCain waliieneza kwa Please Kill Me ya mwaka 1996. Kitabu chote ni maneno ya waliohojiwa: jina, kisha usemi, jina jingine, kisha usemi unaoupinga wa kwanza. Hakuna sauti ya mwandishi inayosuluhisha. Njia hii inalingana na panki yenyewe, ambayo ilikataa kuwa na msemaji mmoja, na inampa mpiga ngoma aliyesahaulika ukubwa sawa na mwimbaji aliyetajirika.

Lakini tusidanganyike. Usione vyaelea, vimeundwa. Anayeamua usemi gani ufuate upi ndiye msimulizi, ingawa hasikiki. McNeil alikuwa mmoja wa waanzilishi wa lile jarida la Punk. Hakuwa mtazamaji wa mbali, na New York ndiyo kitovu cha kitabu chake. Wakati huo huo Jon Savage wa London, ambaye naye alikuwapo na aliandika shajara siku zile, alichagua njia ya wazi zaidi. Katika England's Dreaming ya mwaka 1991 anasimulia kwa sauti yake, anaziweka shajara zake mahali msomaji anapoziona, na mwaka 2009 alichapisha mahojiano aliyoyatumia katika kitabu cha pekee. Msomaji akitaka kumhukumu, jalada la kesi limo mikononi mwake.

Wengi huviita vitabu hivi "historia simulizi". Tuna wasiwasi na jina hilo, kwa sababu shuleni simulizi limefungamana na fasihi simulizi, yaani ngano na visa, na mwanafunzi anaweza kufikiri kwamba anasoma hekaya. Wasifu wa mashahidi linaeleza zaidi. Shahidi anaweza kusema kweli, kukosea au kudanganya. Analotakiwa ni kutajwa jina na kuhojiwa.

Mshtakiwa au muuaji?

Tofauti hizi si za wanaistilahi peke yao. Tarehe 12 Oktoba 1978 msichana wa miaka 20, Nancy Spungen, alikutwa amekufa kwa jeraha la kisu katika Hoteli Chelsea, New York. Mpenzi wake, Sid Vicious wa Sex Pistols, alishtakiwa kwa mauaji. Tarehe 2 Februari 1979 Vicious naye alifariki baada ya kutumia heroini, akiwa na miaka 21, kabla kesi haijasikilizwa. Hakuna mahakama iliyotoa hukumu. Hata hivyo yako maandishi yanayomwita muuaji bila kusita, na mengine yanayomwondolea lawama kwa uhakika ule ule. Mfasiri aliye mwangalifu ataandika mshtakiwa, na hatakubali neno hilo libadilike njiani kwa ajili ya ladha ya sentensi.

Kuna dhuluma nyingine katika habari hiyo. Kwa miaka mingi Nancy alitajwa kama kero tu katika maisha ya mwanamuziki. Mama yake, Deborah Spungen, alichapisha mwaka 1983 kitabu kinachomweleza mtoto aliyesumbuka tangu uchanga, madaktari wasiojua la kufanya, na familia iliyochoka. Hakuna nadharia ya muziki ndani yake, na si lazima iwepo. Anayekisoma baada ya vitabu vya bendi anagundua kwamba mtu mzima alikuwa amepunguzwa akawa tanbihi. Kadhalika maisha ya Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex aliyekuwa binti wa Mwingereza na Msomali, na aliyefariki mwaka 2011, yalipata kitabu chenye uzito mwaka 2019 tu, kilipoandaliwa na binti yake, Celeste Bell, pamoja na Zoë Howe. Swali la nani asemaye haliwezi kutenganishwa na swali la nani hakuulizwa.

Mwandishi na saa zisizo na shahidi

Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alifariki kwa mkono wake tarehe 5 Aprili 1994, akiwa peke yake. Charles R. Cross, katika wasifu wake wa mwaka 2001 uliofanyiwa utafiti mkubwa, alizieleza saa za mwisho za mtu huyo kana kwamba alisimama kando yake: alivyokwenda, alivyoketi, alichofikiri. Wahakiki walimlaumu, nasi tunaungana nao. Kubuni ni haki ya mwandishi wa riwaya. Mwandishi wa wasifu akitaka kukisia, Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kumlinda: yamkini, huenda, inadhaniwa. Mfasiri anayekutana na ukurasa kama huo hana ruhusa ya kuyaongeza. Anaweza tu kueleza katika dibaji yake kwamba sehemu hiyo haina shahidi.

Cross huyo huyo alifanya kazi njema mahali pengine. Cobain alipenda kueleza kwamba ujanani aliishi chini ya daraja katika mji wake wa Aberdeen, na Michael Azerrad aliipokea habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1993. Cross aliwauliza waliomjua, akiwamo mwenzake wa bendi Krist Novoselic, wakasema hakuishi hapo. Mwaka 2023 Azerrad alikitoa upya kitabu chake akiwa ameongeza maelezo mengi juu ya maneno yake ya zamani, akionyesha alipopotoshwa na alipoamini upesi. Hakuyafuta ya kwanza. Aliyaacha na kuyajibu. Tungependa kuona matoleo mapya ya vitabu vyetu yakifanywa hivyo, badala ya kusahihishwa kimyakimya.

Mfano wa karibu na kwetu

Yuko mwanamuziki mmoja wa roki ambaye wasifu wake hauwezi kuandikwa bila kufika Zanzibar. Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alisoma Panchgani, India. Aliondoka Zanzibar na familia yake baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Akafariki London Novemba 1991. Vitabu vingi vya Kiingereza huupita utoto huo kwa kurasa chache, kwa kiasi fulani kwa sababu mwenyewe hakupenda kuuzungumzia.

Magazeti ya Ulaya yalimwita mara kwa mara mtu wa Uajemi. Mfasiri akiandika Mwajemi anamhamisha mtu kutoka jamii yake. Familia ya Bulsara walikuwa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zarathustra ambao wahenga wao walihama Uajemi na kuingia Gujarati karne nyingi zilizopita. Wala Banyani hafai, maana huyo ni Mhindu. Mparsi ndilo neno, na mistari miwili ya maelezo haitamchosha msomaji. Hapa mfasiri wa Kiswahili anaweza kujua zaidi kuliko mwandishi anayemfasiri, na wajibu wake ni kutumia ujuzi huo katika tanbihi iliyo wazi.

Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji:

(a) Wasifu libaki kuwa jina la jumla, ila litumike kwa maana ya kueleza maisha ya mtu yalivyokuwa. Maandishi yenye nia ya kutukuza yaitwe sifa, taabini au manakibu, kila moja mahali pake.

(b) Wasifu wa idhini na wasifu usio na idhini yatumike badala ya wasifu rasmi na usio rasmi.

(c) Tawasifu ibaki kwa kitabu kilichoandikwa na mwenye maisha. Kikiandikwa na mwingine kwa sauti yake, kiitwe tawasifu ya niaba, na jina la mwandishi wa niaba lionekane.

(d) Wasifu wa mashahidi litumike kwa vitabu vilivyopangwa kwa maneno ya watu wengi bila msimulizi, na jina la mpangaji litajwe kuwa la mpangaji.

(e) Roki na panki yakubaliwe kwa utohozi, na muziki wa mwamba na muziki wa kihuni yaachwe.

Istilahi hizi hazikuundwa kwa ajili ya wageni peke yao. Wapo wazee waliopiga gitaa na tarumbeta katika bendi zetu za dansi, na wake zao waliowangoja mpaka alfajiri, ambao hawajaulizwa kitu. Mwalimu anayetaka kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee hao awaeleze kwanza ni wasifu wa namna gani wanakwenda kuandika, na nani atakuwa na haki ya kukataa. Wenye maoni tofauti, au istilahi bora kuliko hizi, wanaombwa waziwasilishe ili zijadiliwe katika kurasa hizi.